Mvinyo wa Mwaka wa Mvua

Kwa siku nne chumba chetu cha Al Mansoura, Doha, kilinukia kama genge la matunda. Nilinunua pichi, nanasi, matufaha na kichupa cha asali katika duka la chini ya jengo letu, nikavipanga kwenye visahani, kisha nikafumba macho na kunusa kimoja kimoja huku Loice, ninayeishi naye, akinishikia kadi ya maelezo ya mvinyo niliyopewa kazini.

"Haya, sema," akaniambia.

"Pichi lililoiva. Asali. Nanasi kwa mbali."

"Kwa mbali wapi, na liko hapa chini ya pua yako?" Loice ni muuguzi, amezoea kuwaamrisha watu waliolala kitandani. "Na uongeze sauti. Tumekaa goti kwa goti na bado sikusikii."

Katika mkahawa wa hoteli ninakofanya kazi, Arnold, aliyekuwa mhudumu wa mvinyo, alikuwa amerudi kwao Uganda na nafasi yake ilikuwa wazi. Niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka tangu nije Doha. Si kwa ajili ya mvinyo. Nimelelewa katika nyumba ya Wasabato na sijawahi kumeza hata tone. Mama aliponiuliza kwenye simu nilimwambia ni kama chai tu, unaonja, unatema. Niliitaka kwa ajili ya pua yangu. Nina stashahada ya teknolojia ya vyakula, na miezi mitatu ya mafunzo niliifanya katika kiwanda cha chai kule Nyamira, kwenye chumba cha kuonjea. Vikombe arobaini vilipangwa mezani, nasi tukapita tukivuta kijiko baada ya kijiko kwa kelele na kutema kwenye ndoo. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani niliyoifanya vizuri bila mtu kunihimiza nichangamke. Tangu hapo nimebeba sahani kwa miaka miwili.

Supavaiza wetu, Madam Phoebe, ndiye aliyetupa habari. Mvinyo mweupe wa Roquelin, familia ya Ufaransa ambayo wageni wetu wanaiheshimu sana, ulikuwa umefika, mavuno mapya ambayo hayajafunguliwa bado katika mkahawa wetu. Binti wa familia hiyo angekuja mwenyewe Jumanne saa tisa alasiri, kabla hatujafungua, awasikilize walioomba nafasi ya Arnold wakiueleza mvinyo huo. Tulikuwa wawili tu: mimi na Lenny.

Lenny ni wa Nakuru. Anaweza kumshawishi mtu aliyeshiba aagize tena.

Madam Phoebe alitupa kila mmoja kadi yenye maelezo ya mvinyo. Alizichapa mwenyewe nyumbani kwake, akazizungushia maua pembeni. "Nimekaa nazo mpaka macho yakauma," akasema. "Msiniaibishe."

Jumanne hiyo, Bi Roquelin aliingia na chupa tatu kwenye begi la kawaida kabisa. Nilitarajia mtu wa lulu na marashi. Alikuwa mama wa makamo mwenye kucha fupi na viganja vigumu, viganja nilivyovijua kutoka kwetu. Alizungumza Kiingereza cha polepole, kama mtu anayevuka barabara, na hilo lilinipunguzia woga kidogo. Akamimina chupa ya kwanza katika glasi mbili, akamwashiria Lenny aanze.

Lenny akaizungusha glasi, akanusa, akameza, akatikisa kichwa kama mzee wa kanisa aliyeguswa na mahubiri. "Pichi lililoiva," akasema. "Asali. Nanasi kwa mbali. Na mwishoni, madam, kama jua la asubuhi."

Hilo la jua halikuwa kwenye kadi. Bi Roquelin akatabasamu na kumshukuru. Nalijua tabasamu hilo. Ni lile la mgeni aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza lakini hataki kuleta fujo.

Zamu yangu ikafika. Nikaingiza pua kwenye glasi.

Hapakuwa na pichi. Hapakuwa na asali. Palikuwa na ndimu, halafu tufaha bichi likiwa ndiyo kwanza limeng'atwa, halafu kitu cha baridi, kama mawe yaliyonyeshewa. Nikadhani woga umeniharibia pua. Kwa hiyo nikafanya jambo la pekee ambalo mdomo wangu ulilijua: nikauvuta mvinyo kwa kelele zote za Nyamira. Mpishi mmoja akachungulia kutoka jikoni.

"Kerubo," Lenny akaninong'oneza, "hiyo si supu."

Nikatema kwenye ndoo ndogo ya fedha. Nikavuta tena. Pichi bado halikuwepo.

Nikainua macho. Nyuma ya mgeni, karibu na nguzo, Madam Phoebe alikuwa akinisaidia kwa midomo, bila sauti: pi-chi, a-sa-li. Wiki yangu ya kwanza Doha, nilipokuwa nikitetemeka kwa baridi ya kiyoyozi, mwanamke huyu alivua sweta lake akanipa, na hakulidai tena. Sasa, nikisema pichi, nitakuwa nimesema uongo mbele ya mtu aliyeulima mvinyo huu kwa viganja vyake, na kazi itakuwa ya Lenny, maana yeye huo uongo anausema vizuri zaidi. Nikisema ninachokisikia, nitakuwa nimemwambia mgeni kwamba bosi wangu hajui anachokiuza.

Nikasimama na glasi yangu. Nikaizungusha, nikaizungusha tena, hadi Lenny mwenyewe akaanza kunionea huruma.

"Samahani, madam," nikamwambia mgeni hatimaye. "Naomba kuuliza. Mwaka wa mavuno haya, kwenu mvua ilinyesha sana?"

Bi Roquelin akaweka chupa chini. "Nani amekwambia?"

"Hakuna mtu. Kwetu tunalima chai. Shamba ni lile lile, miti ni ile ile, lakini mwaka wa jua na mwaka wa mvua haifanani ndani ya kikombe. Huu nasikia ni wa mvua. Nasikia ndimu, na tufaha bichi. Na mawe yaliyolowa."

"Na pichi?"

Sikuthubutu kutazama upande wa nguzo. "Pichi silisikii, madam."

Akavuta kiti akakaa. Akatuambia kwamba mvua ilinyesha tangu maua ya zabibu yalipofunguka hadi siku ya kuvuna, kwamba walichuma wakiwa wamevaa mabuti, na baba yake alikuwa amekata tamaa, akisema mvinyo huo hautapata wa kuupenda. "Pichi na asali ni mwaka uliotangulia," akasema. "Kulikuwa na jua kali." Ndipo akaiona kadi ya Lenny mezani, akaichukua na kuisoma. "Hii hapa. Hii ni kadi ya mwaka uliotangulia. Lakini maua ni mazuri."

Madam Phoebe akaja, akaipokea kadi, akaisoma kutoka juu hadi chini. Nikawa natazama viatu vyangu.

"Nilinakili karatasi ya zamani," akasema. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia, kumbe ni kicheko. "Siku mbili nzima nachora maua."

"Mimi je, Madam," Lenny akasema, "niliyeongeza jua?"

"Wewe ulipasha kiporo ukakitia na pilipili."

Bi Roquelin akafungua zile chupa mbili zilizobaki. Nikazionja zote, nikaeleza, akabisha, nami nikambishia.

Alipoondoka, Madam Phoebe aliniita kando, kwenye rafu ya glasi. "Uliona kadi ina makosa. Mbona hukusema moja kwa moja?"

"Kadi ilikuwa yako, Madam."

"Na kazi je, ungeiacha iende kwa ajili ya maua yangu?"

Nikachukua glasi iliyokuwa safi tayari, nikaanza kuipangusa. Akaniondolea glasi mkononi, akanirekebishia kola ya shati. "Unaanza Alhamisi," akasema. "Na kadi mpya utaziandika wewe. Maua usiweke."

Nikakaa mezani na kalamu. Lenny akaja kunipa hongera, akanipa mkono kwa heshima ya mzaha, kisha akabaki akisoma juu ya bega langu.

"Ndimu, sawa. Tufaha, sawa. Lakini mawe yaliyolowa? Nani atalipa anywe mawe?"

"Nusa basi."

"Nimeshanusa."

"Ulinusa kadi. Nusa glasi."

Akainusa akicheka. Akaacha kucheka, akanusa tena, safari hii akiwa amefumba macho.

"Ni kama uani kwa nyanya yangu kule Njoro," akasema polepole, "mvua ikiwa ndiyo kwanza inaanza." Kisha akanikazia macho. "Lakini hiyo usiiandike."

Nikaiandika.