Bamba Lililobaki kwa Omolo

Machage hakuwa na barabara inayofika mlangoni kwake. Hakuwa na mtoto aliyebaki kijijini Matongo. Sylvester alikuwa Mwanza na Scholastica alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka. Hakuwa na magoti ya kuaminika. Hakuwa na ng'ombe wengi kama zamani, wala simu ya kuonyesha picha, wala jirani ambaye hajamchosha kwa kumwomba msaada. Usingizi nao hakuwa nao, maana mkewe Bhoke aligeuka kitandani usiku kucha akitafuta pa kuuweka mguu.

Trekta alikuwa nalo. Lilikuwa trekta dogo la kukatia majani, la mtu mmoja kukaa juu yake kama kwenye kigoda. Alilipata hoteli moja ya watalii upande wa Serengeti ilipofungwa na vitu vyake kupigwa mnada. Alikuwa mtunza bustani pale kwa miaka mingi, na kitabu cha trekta lile alikisoma ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiingereza alichojifunza katika madarasa ya jioni akiwa tayari baba wa watoto. Hapo Matongo lilivuta kigari cha maji na kuni. Watu waliliita ndama.

Bhoke alikuwa na ugonjwa wa sukari, na sukari ilikuwa imemletea kidonda chini ya mguu wa kushoto. Muuguzi Lilian wa zahanati alikuwa amewaambia wote wawili, bila kuzungusha maneno, kwamba kidonda kile kikikosa kusafishwa kila wiki, mguu utakatwa. Bajaji ilikuwa tayari kumchukua Bhoke, lakini iliishia barabara kuu. Kutoka hapo hadi nyumbani kwao kulikuwa na njia ya udongo mweusi, na kila mvua ilipopita, tope na mchanga wa mlimani vilishuka vikalala juu ya njia hadi kimo cha ndama wa kweli. Machage alilipa vijana wakachimba kwa majembe. Mvua ikarudi. Akachimba mwenyewe hadi magoti yakakataa. Siku za zahanati Bhoke alibebwa juu ya kitanda na wanaume wanne, na alichukia kubebwa kuliko alivyochukia kidonda.

Ndipo Heche alipomletea habari. Heche alikuwa wa rika lake, walitahiriwa msimu mmoja, na kazi yake ilikuwa udalali wa ng'ombe mnadani. Alisema kule Nkende, mjini Tarime, kuna Mjaluo aitwaye Omolo anayeuza vitu vilivyotumika kutoka nchi za baridi, na katika yadi yake ameona bamba la chuma la kufungwa mbele ya trekta dogo. Huko lilikotoka lilisukuma theluji. Machage aliwaza siku mbili tatu. Theluji hakuwahi kuiona, lakini kitu kinachosukuma theluji alidhani hakitashindwa na tope likiwa bado bichi, kabla halijakauka. Akamtoa maksai wake mwekundu, wakampandisha kwenye Fuso la mifugo, na wazee wote wawili wakapanda mbele kwa dereva.

Omolo alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye sauti ya taratibu. Aliwaamkia shikamoo, akawatafutia viti, akasema maksai badala ya chombo ni biashara anayoielewa, kwa kuwa shemeji yake ana bucha. Vyombo vya theluji alikuwa navyo viwili.

Cha kwanza kilikuwa bamba lenyewe. Lilikuwa na kutu, ukingo wake wa chini ulikuwa umeliwa upande wa kulia, na springi moja ilikuwa imekatika ikafungwa kwa waya. Mtu asiyejua angelipita. Lakini Machage aliona kwamba fremu yake haijapinda, pini zake zote zipo, na ule ukingo umefungwa kwa nati, kwa hiyo unaweza kufunguliwa na kugeuzwa juu chini ukawa mpya. Aliona pia matundu ya kufungia, na matundu yale aliyajua kutoka kwenye kitabu cha trekta lake.

Cha pili kilikuwa mashine ya kurusha theluji. Ilikuwa kama sanduku lisilo na uso, ndani yake kuna skrubu kubwa ya chuma ya kukoroga, na juu yake bomba lililopinda kama shingo ya bata. Ilipakwa rangi nyekundu mpya. Machage alizungusha skrubu kwa mkono akasikia beringi zikisaga mchanga. Akaukunja mkanda, ukaonyesha nyufa. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya kutu.

Kwa hiyo alijua anachotaka, na kwa sababu alijua, hakukitazama tena waziwazi. Mnadani, mtu anayemtaka ng'ombe mweusi huanza kumuulizia mweupe. Anamsifu kidogo, anamtajia bei, muuzaji anakataa, wanavutana, na wakishachoka mnunuzi anauliza kama mtu asiyejali: na huyu mwingine je? Machage alikuwa amenunua hivyo maisha yake yote. Akaipapasa ile mashine nyekundu, akasema hii labda ingemfaa, ingawa imechoka. Akasema anaweza kumtoa maksai huyu kwa hii, kama Omolo ataongeza na matairi mawili yale ya pembeni. Alijua hakuna muuzaji mwenye akili atakayekubali matairi mawili. Kisha, akitaka kuinama kulitazama bamba kwa jicho la pembeni, akamkabidhi Omolo kamba ya maksai amshikie.

Omolo akaipokea. "Sawa, mzee," alisema. "Chukua na matairi."

Mashine ile ilikuwa imekaa kwenye yadi tangu Omolo alipoanza biashara, na hakuna mtu aliyewahi kuiulizia.

Machage alibaki ameinama. Nyuma yake Heche alikohoa.

"Kamba imekwenda, mura," Heche alisema, akimwita kama watu wa rika moja wanavyoitana.

Kwa wazee hawa, bei ikishatajwa, na kamba ikatoka mkononi mwa mmoja ikaingia mkononi mwa mwingine, na huyo akakubali, maneno yamekwisha. Aliyejaribu kurudi nyuma baada ya hapo alisimuliwa mnadani mpaka wajukuu zake wakasikia. Omolo hakulijua hilo. Heche alipomweleza, akacheka, akasema kwake yeye kamba ni ya kuzuia ng'ombe asikimbie tu. Akamnyooshea Machage ile kamba.

"Mzee wangu, chagua unachokitaka. Bado hatujaandikiana kitu."

Wapakiaji wawili walikuwa wamesimama wakisikiliza. Heche alikuwa anatazama juu ya paa.

"Nilichosema nimesema," Machage alijibu.

Njiani kurudi Heche alimtania kidogo, kwamba sasa atakuwa mtu wa kwanza Matongo kupambana na theluji. Machage alihesabu makosa yake kimya kimya, na yote yalikuwa kosa moja.

Bhoke alitoka na mkongojo wake kuiangalia mashine. Aliizunguka upande mmoja, akarudi.

"Baba Sylvester, hiki kinakula nini?"

"Theluji."

"Basi hapa kitakufa njaa."

Machage alisema tope ni kama theluji nyeusi. Hakuamini alipokuwa akilisema. Kesho yake alikaa na spana tangu asubuhi, akatoboa matundu mapya, akaunga mkanda kwa ngozi, na jua lilipoanza kushuka mashine ikafungwa mbele ya trekta. Aliwasha. Skrubu ikazunguka, na mabua makavu ya mahindi yaliyokuwa uani yakaruka juu na kutua kwenye paa la jiko. Watoto wa jirani wakashangilia. Hata Bhoke akacheka. Kwa muda huo mfupi mzee alifikiri labda itafaa.

Kisha mvua ikanyesha, akaipeleka njiani. Mashine ikalila tope mara moja, ikaurusha mkate wa udongo ukutani kwa jirani, ikanguruma, ikakaza, na mkanda ukakatika kwa mlio wa fimbo. Alipotazama ndani, udongo mweusi ulikuwa umejaa katikati ya skrubu kama ugali kwenye sufuria, hadi juu kwenye shingo ya bata. Alikaa pale kwenye tope akiukwangua kwa kijiti. Jirani alikuja kuutazama ukuta wake, akamuuliza kama theluji ya kwao imeisha.

Jioni ile Omolo alipiga simu mwenyewe. Alimwamkia mzee, akauliza mashine inaendeleaje. Machage alikuwa na udongo hadi kwenye nyusi.

"Vizuri," alisema. "Inakwenda vizuri sana."

Siku ya zahanati walimbeba Bhoke. Wabebaji walikuwa watatu tu, wa nne alikuwa msibani, na Machage akashika pembe ya nne mwenyewe. Katikati ya njia goti lake lilikunjika. Kitanda kikainama upande wake, na Bhoke akateremka taratibu, bila kelele, akaingia kwenye tope na mguu wake mbovu ukiwa mbele. Bandeji ikawa nyeusi. Huko zahanati Lilian alikisafisha kidonda kwa muda mrefu kuliko kawaida, akakitazama, akamtazama mzee, akasema wasichelewe wiki ijayo hata kidogo.

Waliporudi, Bhoke alisema hatakwenda tena. Hakulisema kwa hasira. Alisema amechoka kubebwa kama maiti inayotazama, na kwamba kama mguu ni wa kukatwa, ukatwe, angalau utakuwa mwepesi kuubeba. Machage akaanza kumweleza habari za mkanda mpya, na jinsi ya kupunguza mwendo wa skrubu. Mkewe alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Yule Mjaluo si alikurudishia kamba?" aliuliza.

"Nani kakwambia?"

"Heche. Alifikiri ananisimulia sifa zako."

Machage aliinamia viatu vyake, akaanza kukwangua tope.

"Uliogopa Heche atasema nini mnadani," Bhoke alisema. "Mimi ninaogopa msumeno. Neno lako ni zima kabisa, baba Sylvester. Haliumi popote. Mguu wangu ndio unaooza."

Akauweka mguu juu ya kigoda, akageukia ukutani.

Asubuhi mzee alichukua simu mara mbili akaiweka chini. Alijua Omolo atamwamkia kwa adabu na kumuuliza hali ya mashine, na mdomo wake utajibu vizuri kabla hajauzuia. Karatasi haikuwa na haraka hiyo. Akaketi mezani, akavaa miwani, akaandika. Alichana ya kwanza kwa sababu ilieleza mno, na ya pili kwa sababu ilimlaumu Heche.

Heche alipita kabla ya saa sita, akielekea barabarani kudandia Fuso la kwenda Tarime. Machage alimwita ndani, akamwambia kuna barua ya kupeleka kwa Omolo. Heche hakujua kusoma, na angeweza kuipeleka bila kujua imebeba nini. Mzee alifikiri hivyo kwa muda, kalamu bado iko mkononi. Kisha akamwambia akae, akamsomea.

"Ndugu Omolo, salamu. Mashine haiendi vizuri. Nilikudanganya kwenye simu. Toka mwanzo nilitaka bamba lile lenye kutu, nikakuulizia hii nyingine ili nikuchoshe. Ulinipa nafasi ya kubadili nikakataa kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Sasa ninaomba unibadilishie. Mashine nitairudisha na matairi yote mawili. Maksai abaki wako. Mke wangu anaumwa mguu na njia haipitiki. Kama bamba umeshaliuza, niambie limekwenda kwa nani, nami nitamwandikia huyo. Ni mimi, Machage."

Heche alivua kofia, akaivaa tena.

"Mura, wakiniuliza kule niseme nini?"

"Sema Machage amerudi nyuma."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Nimechoka, Heche. Hata kuficha kunachosha."

Kutoka chumbani hakukusikika kitu, lakini mkongojo wa Bhoke ulikuwa umesogea karibu na mlango. Machage aliikunja karatasi mara tatu. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, akachovya kidole kwenye uji uliobaki kikombeni, akaupaka ukingoni, akakandamiza kwa kiganja hadi ukashika. Akaandika jina la Omolo na neno Nkende kwa herufi kubwa. Heche akaitia barua mfuko wa ndani wa koti, akaufunga kifungo, akashuka njiani akikanyaga majani pembeni ili asizame.