Neno la Shangazi kutoka Wampembe

Minza aliteremka kwenda Wampembe akiwa na sweta zito mwilini na jibu tayari kichwani. Kaka yake, Masunga, alimtuma kutoka Kasense akapaone mahali ambapo binti yake Kabula angeolewa. Kwao Wasukuma, shangazi akisema hapafai, basi hapafai. Ng'ombe wa mahari hawapokelewi na habari inaishia hapo. Naye Minza alikwishaamua kuwa hapafai. Yeye ndiye aliyemlea Kabula tangu mama wa binti huyo alipofariki, akalala naye kitanda kimoja na kumfundisha kukamua. Sasa mvuvi mmoja, Christopha, ambaye binti alikutana naye sokoni Sumbawanga akiuza dagaa, alitaka kumchukua ampeleke huko chini ya milima. Kusema waziwazi kwamba hataki kuachwa, Minza aliona haya. Kutafuta kasoro za watu hakuona haya hata kidogo.

Kasoro ya kwanza aliipata gari likiwa bado linateremka: joto. Alivua sweta, akawa anajipepea kwa kanga huku akipanga namna ya kulieleza joto hilo nyumbani, kwamba linatafuna watu na kadhalika, ndipo ziwa likajitokeza kwenye kona. Lilikuwa la buluu iliyokolea, limetanda mpaka kwenye milima ya Kongo, na jua limelimwagikia lote. Minza akasahau alikuwa akipanga nini.

"Maji gani mengi hivi," alinung'unika baadaye, apate angalau kasoro ya pili.

Winifrida, mama yake Christopha, alimpokea kwa vigelegele na kumshika mkono kama waliocheza pamoja utotoni. Walipokwisha kula ugali wa muhogo kwa samaki aina ya mgebuka wa kuchoma, akamtembeza. Walipita sokoni, muziki wa Kikongo ukitoka kila kibanda na wanawake wakibishania vitenge kwa lugha ambazo Minza hakuzijua. Walipita kwa mafundi wa boti, palikonukia mbao mbichi, wakatokea ufukweni. Mchanga ulikuwa mweupe na safi, na maji ya ukingoni yalikuwa maangavu kiasi cha kuona kila kokoto. Minza alivua viatu, akaingia, akachota kiganjani na kuonja. Hayakuwa na chumvi wala tope.

"Ng'ombe wangeyapenda haya," yalimtoka kabla hajajizuia. Akakaza uso upesi. "Zizi lenu liko wapi?"

"Zizi hatuna, dada. Tuna ule pale." Winifrida alionyesha mtumbwi mkubwa uliopakwa rangi ya kijani.

"Huo haukamuliwi."

"Haukamuliwi, lakini tangu tuwe nao haujaingia shamba la jirani."

Minza aligeuka upande wa pili ili asionekane anacheka. Alimpenda yule mwanamke, na jambo hilo lilimuudhi sana.

Asubuhi yake walirudi ufukweni wavuvi wakiingia. Mtumbwi mmoja ulikuja umezama karibu hadi ukingo kwa mzigo, na mtu akapiga ukelele. Fundi akaacha randa yake, mama wa chai akaacha birika motoni, na watu wakaikimbilia kamba. Ilipopita mbele ya Minza, mikono yake ikaidaka yenyewe. Hakuwa mtu wa kutazama wenzake wakifanya kazi. Wakavuta wakiimba, na yeye akaitikia wimbo asiojua maana yake, mpaka mtumbwi ukapanda mchangani. Mvuvi akaanza kugawa samaki kwa kila aliyevuta. Minza akawekewa wake mikononi.

"Mimi ni mgeni tu, baba," alisema.

"Umevuta?"

"Nimevuta."

"Basi, mama." Na akamgeukia aliyefuata.

Minza alibaki amesimama pale pale. Kule Kasense majirani zake walikuwa watu wema. Amelima nao, amezika nao. Hata hivyo, baada ya miaka yote hiyo, bado aliitwa yule mama wa Kisukuma, na bado aliulizwa kwao ni wapi. Aliwatazama wale waliokuwa wameshika kamba: huyu Muha, yule Mfipa, yule katoka ng'ambo ya ziwa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake chochote. Akamwona Kabula akilini mwake, katikati yao, akicheka, samaki mkononi. Moyo ulimuuma, maana alimwona amependeza.

Simu ikalia. Alikuwa Masunga.

"Eeh dada, pakoje? Nimwambie mshenga hapana?"

Sauti yake ilikuwa na matumaini. Kumbe naye hakutaka kuachwa. Minza angeweza kuguna tu, na Kabula angebaki nyumbani.

"Pana joto," alisema.

"Nilijua tu."

"Ngoja nimalize. Pana joto, zizi hawana, na ugali wao unanata. Lakini Masunga, ni pazuri. Watu wake ni wazuri. Mtoto akiletwa huku hatakuwa mgeni hata siku moja."

Masunga aliuliza, "Na wewe utabaki na nani?"

"Sina mtu mwingine, unajua," alisema Minza. "Pokea ng'ombe."

Akakata simu, akaketi mchangani na kulia kwa sauti mbele za watu. Winifrida, ambaye naye alikwishaozesha binti, akaja kuketi karibu yake.