Wiki Mbili Bila Shikamoo

Mtoto wa kaka yangu, Celestine, ni golikipa. Nimemwona kwa macho yangu akijitupa miguuni mwa msichana mwenye nguvu za ng'ombe dume, akainuka na mpira kifuani, damu puani, anacheka. Kwa hiyo mwalimu wa michezo aliponipigia simu kutoka shuleni kwao Homa Bay kuniambia kwamba Celestine ametapika kwa sababu ya mahojiano ya pasipoti, nilidhani amekosea namba.

"Mahojiano gani hayo ya kutapisha mtoto?" nikamuuliza.

"Hata hayajafika, madam. Nimemwambia tu tarehe."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Timu yao ilikuwa imealikwa kwenye mashindano ya wasichana huko Sweden, mwezi wa saba. Maafisa wa pasipoti walikuwa wanakuja Homa Bay kwa wiki moja tu mwishoni mwa likizo ya Aprili, wakae kwenye ukumbi karibu na soko, wahudumie watu. Atakayekosa hapo, ndege itamwacha. Na Celestine aliamini kabisa kwamba atakosa, kwa sababu kila mtu akimsikia anavyozungumza humuuliza ametoka Tanzania lini.

Si Mtanzania. Alizaliwa hospitalini Macalder, mimi mwenyewe nikiwa nje ya mlango nimeshika beseni. Lakini mama yake alifariki mtoto hajatimiza hata miaka mitatu, na mama wa mama yake, Mama Filister, akavuka mpaka kutoka Shirati, upande wa Tanzania, akamfunga mgongoni, akaondoka naye. Kaka yangu Dishon alikuwa kwenye mashimo ya dhahabu Masara, mimi nilikuwa bado najifunza kusuka. Hakuna aliyebisha. Mtoto alirudi kwetu amemaliza darasa la saba, ana begi moja na adabu ya kutisha.

Kijaluo chake hakina neno, ni kile kile chetu. Balaa huanza akigeukia Kiswahili. Sisi huku Kiswahili ni cha kazi: unasema unachotaka, unalipa, unaondoka. Yeye ana shikamoo kwa kila mwenye mvi, ana samahani kabla ya swali, ana naomba kabla ya kuchukua hata chumvi. Siku ya kwanza aliyoingia saluni kwangu Migori aliwaamkia wateja wote mmoja mmoja, hadi yule aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, asiyesikia kitu. Akiogopa ndiyo inazidi. Mwalimu akimkaripia, anapiga goti.

"Officer akisikia hivyo atakuuliza umetoka wapi," nikamwambia alipofika kwangu shule zilipofungwa. "Ukisema Shirati, umeisha."

"Lakini Shangazi, cheti changu cha kuzaliwa si kipo?"

"Cheti iko. Lakini mdomo yako inakataa cheti. Na usiniite Shangazi. Sema Auntie."

Nikafungua shule pale pale saluni. Somo la kwanza lilikuwa kutoamkia mtu. Somo la pili, kudai. Hodan, anayeuza vitambaa duka la pili kutoka kwangu, akakubali kuwa afisa. Hodan ni Msomali aliyezaliwa Migori, baba yake amezaliwa Migori, na bado hakuna mtu mtaani kwetu aliyehojiwa na maafisa kumshinda. Kila karatasi ya serikali aliyonayo ameitolea jasho. Alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, akakunja uso mpaka mimi mwenyewe nikaogopa.

"Jina?"

"Shikamoo. Naitwa..."

"Toka nje!" nikapiga kelele, kitana mkononi. "Anza tena!"

Alitoka, akaingia. Akatoka, akaingia. Wauza mboga wa nje walianza kuleta viti. Mara ya tano alifanikiwa kuketi bila kumtakia mtu heri ya aina yoyote, nikampigia makofi.

"Sasa mwambie akupatie maji," nikasema.

"Naomba unipatie..."

"Hapana! 'Leta maji.' Basi."

"Nikisema hivyo si atakasirika?"

"Akasirike! Hapa ni Kenya. Mtu akikasirika anakuhudumia haraka ndio utoke."

Mteja wangu alicheka mpaka rangi ya nywele ikamwingia jichoni, ikabidi mazoezi yasimame tumsafishe.

Hodan hakucheka. Alimwinamia Celestine akamuuliza kwa sauti ya kweli ya afisa, ile ya chini, "Nani alikulea?"

"Bibi yangu."

"Bibi!" nikadakia. "Huku ukisema bibi yako watu watafikiri umeoa. Na hakuna nyanya kwa hii story. Umeishi na mimi hapa tangu ukiwa mdogo. Primary umesoma hiyo ya nyuma ya stage ya matatu. Umeskia?"

Celestine akaanza kuokota pini za nywele sakafuni, moja moja. Hodan akashuka kitini, akajitengeneza mtandio.

"Priscah, mimi nimeulizwa haya maswali mingi. Mtu akiogopa, kitu anakumbuka ni ukweli peke yake."

"Na wewe husema ukweli, na bado wanakuambia urudi kesho."

Hilo lilikuwa kweli. Alirudi dukani kwake, na kesho yake alikuja tena kukunja uso kama kawaida.

Kizuizi kilikuwa simu. Kila jioni Celestine alikuwa akimpigia bibi yake, wanazungumza kuku, wanazungumza mihogo, wanacheka vitu ambavyo mimi sivijui, na akikata simu shikamoo zote nilizozifukuza mchana zimerudi na mizigo yao. Kwa hiyo nikaichukua simu.

"Mpaka interview iishe," nikamwambia. "Chukulia daktari amekukataza chumvi."

Hakulia. Alinikabidhi kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, na kwa hilo nalo nikamgombeza. Nikaitia kwenye droo ya vibanio. Jioni ile ililia ndani ya droo, ikanyamaza, ikalia tena. Iliendelea hivyo siku kadhaa, kisha ikaacha.

Na dawa ilifanya kazi, acha niseme ukweli. Wiki ya pili ilipokwisha mtoto alikuwa anaingia saluni kimya, anatupa begi, anasema, "Auntie, chai iko?" Nikajivunia. Hodan akasema anamkumbuka yule Celestine wa kwanza. Nikamwambia yule wa kwanza hataona Sweden.

Siku yenyewe ikafika, tukaenda Homa Bay. Dishon alikuwa ametia sahihi karatasi zote za mzazi, lakini maneno aliniachia mimi, maana kaka yangu akimwona mtu mwenye muhuri husahau hata jina lake. Foleni ilikuwa imezunguka ukumbi. Celestine alikuwa ananong'ona majibu yake, nami nikimkanyaga mguu kila nikisikia samahani.

Afisa wetu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani, na kibandiko kifuani kimeandikwa Magige. Pembeni ya meza yake palikuwa na kikombe cha chai kilichojaa.

Celestine akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. "Sasa," akasema.

Afisa akamtazama juu ya miwani. "Sasa nini?"

"Nimekuja ya passport. Leta nisign."

Nilitamani Hodan angekuwepo. Hakukosea hata kidogo, na nyuma yangu mtu kwenye foleni akasema, "Yawa, watoto wa siku hizi." Afisa hakukasirika haraka kama nilivyoahidi. Alipanga karatasi zetu taratibu, akasoma hii, akasoma ile, akashika kalamu.

"Primary umesoma wapi?"

Celestine akataja ile ya nyuma ya steji.

"Head teacher alikuwa nani?"

Hapo hatukuwa tumefika. Kwa wiki mbili nzima nilimfundisha mtoto kukosa salamu, na sikumpa mwalimu mkuu. Nikamwona uso unaisha damu. Alilivuta faili lake haraka kana kwamba jibu limo ndani, kiwiko kikagonga kikombe, kikombe kikaondoka mezani. Celestine akajitupa. Alikidaka kabla hakijafika sakafuni, mkono mmoja, nusu ya chai bado imo. Nusu ile nyingine ilikuwa mapajani mwa serikali.

"Jamani! Shikamoo baba, samahani sana, naomba radhi, umeungua? Naomba nikupangusie, samahani!" Alikuwa amepiga goti, kikombe kimeinuliwa juu.

"Marahaba," akasema afisa, kabla hajajua anasema nini. Kisha akaweka kalamu chini. "Hebu ngoja. Wewe umekulia wapi?"

"Kwangu!" nikaruka. "Migori! Tangu akiwa mdogo! Hiyo shikamoo ameitoa kwa TV!"

"Mama, sijakuuliza wewe."

Celestine akakiweka kikombe mezani, mbali na ukingo, akasimama. Akanigeukia mimi kwanza.

"Nisamehe, Shangazi," akasema. Kisha akamgeukia afisa. "Nilizaliwa Macalder, cheti ndicho hicho. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, bibi yangu akanichukua, akanilea Shirati mpaka nikamaliza darasa la saba. Hiyo shule niliyoitaja sikuwahi kusoma. Kama nitakosa pasipoti, basi nikose. Lakini siwezi kusema bibi yangu hayupo. Yupo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila kwanza immeze yeye. Niliiona ndege inaruka. Niliwaona wenzake wanapunga mikono dirishani, na langoni amesimama msichana mwingine asiyejua hata kudaka baridi.

Afisa alijipangusa suruali kwa leso, bila haraka. Akachukua cheti cha kuzaliwa, akakiweka kando ya cheti cha kifo cha mama, akakiweka kando ya kitambulisho cha Dishon. Akavitazama muda mrefu.

"Baba ni Mkenya. Mtoto amezaliwa hapa," akasema mwishowe. "Hii ya kulelewa upande ile ingine, kwetu Kuria huko ni kawaida. Nusu ya nyumba wana nyanya huko. Hiyo sio shida. Shida ni hii shule ya uongo. Ningeiacha hivi, wakicheck wapate hakuna, hii kitu yote ingerudi na ungekaa hapa mpaka hiyo mpira iishe." Akaipiga mstari. Kisha akaniangalia mimi. "Ni nani alimfundisha kuingia hivyo kwa ofisi ya mtu?"

Wanaonijua wanajua kwamba mimi huwa na jibu.

"Ni mimi," nikasema.

"Nenda ukae nje."

Nikaenda nikakaa nje, kwenye benchi, katikati ya watu walioona kila kitu. Na ile hasira yangu niliyotoka nayo ilipopoa, kilichobaki chini yake kilikuwa aibu. Nilikuwa nimemchukua mwanamke aliyembeba mtoto wetu mgongoni wakati sisi sote tuna shughuli, nikamtibu kama ugonjwa. Na mtoto nilimfundisha kuona haya kwa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuja navyo.

Celestine alitoka anatabasamu mpaka masikioni.

"Amechukua alama za vidole, amenipiga picha. Amesema nisubiri ujumbe kwenye simu." Akakaa karibu nami. "Amesema nikifika Sweden nidake kama nilivyodaka chai."

Nikafungua mkoba, nikampa simu yake, niliyoitoa drooni na kuichaji kabla ya safari. Alibonyeza pale pale, na ile simu ina spika mbovu, inayozungumza na kijiji kizima.

"Shikamoo, Bibi."

Bibi akajibu upande wa pili. "Marahaba. Nimekukosea nini, mama? Wiki mbili sijakusikia, nilipiga hupokei, nikasema basi, nisiendelee kumsumbua mtoto."

Celestine akanitazama. Mtoto aliyekuwa tayari kuikosa ndege kuliko kumdanganya mtu mwenye muhuri, sasa nilimwona anatafuta uongo wa kunikinga mimi.

"Simu iliharibika, Bibi," akasema. "Sasa imepona."

Nikanyoosha mkono. Alinipa simu kwa mikono miwili, na safari hii sikumgombeza. Miaka yote hii nimezungumza na yule mama kwa haraka, haloo na mtoto yuko wapi, kama mtu aliyeazima kitu changu. Sijui ni nini kiliniinua kwenye lile benchi. Nilijikuta nimesimama, kisha nimekunja goti, mbele ya foleni nzima ya Homa Bay.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Ni Priscah. Simu haikuharibika. Mimi ndiye nilimnyang'anya."

Nikawasikia kuku wake.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mtoto amekula?"