Vidonge Tisa vya Rangi Mbili

Kisondela nzima ilimwita Tusekile Mama Anyitike, ingawa Anyitike mwenyewe alikuwa na mwaka mzima kaburini, chini ya migomba. Jina la mzaliwa wa kwanza likishamkaa mama halibanduki, na midomo ya watu haina breki. Kila aliposalimiwa njiani, Tusekile aligeuka kidogo, kana kwamba mtoto anamfuata nyuma.

Kisha Lusungu, binti yake wa miaka mitano, akaanza kukohoa. Kikohozi kilikuwa kilekile cha kaka yake, kizito, chenye mkwaruzo mwishoni. Asubuhi ile ya mvua Tusekile alikisikia kitandani, halafu akakisikia tena nje, upande wa migombani. Aliogopa mpaka sufuria ikamponyoka.

Juu ya meko palikuwa na kopo la majani ya chai, na ndani yake vidonge tisa vya rangi mbili, nyekundu na nyeusi, vilivyobaki kwa Anyitike. Tusekile alikulia miaka ya foleni, sabuni ikikatwa vipande na zahanati ikikosa hata aspirini. Mtu wa namna hiyo hatupi dawa, akiba haiozi. Alimbeba mtoto mgongoni, akalitia kopo kwapani, akapanda Tukuyu.

Duka la dawa baridi la Mwanahalima lilikuwa mtaa wa Bagamoyo, palepale mjini, jipya, rafu zimejaa. Mwanahalima alikuwa nesi mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi. Alimvua Lusungu blauzi, akahesabu pumzi kwa saa yake, akazitazama mbavu.

"Hazibonyei. Mmewahi," alisema. Kisha akafunua kopo. "Na hivi?"

"Vya marehemu kaka yake, nesi. Vilibaki."

"Vilibakije?"

"Siku ya tatu joto lilishuka. Akaniambia, 'Mama, nimepona.' Nikaviweka, visipotee bure."

Mwanahalima aliliweka kopo mezani.

"Sikiliza, mama. Mwilini mna sungusungu, kama hawa wanaolinda vijiji. Mdudu akiingia kifuani wanamzingira, wanapigana naye. Lile joto ni moto waliouwasha wao. Yale makohozi ya kijani ni maiti, za wadudu na za sungusungu wenyewe. Dawa inakuja kuwasaidia. Joto likishuka, wezi wengi wamekufa, lakini wachache wamejificha. Ukiondoa msaada siku hiyo, wale wachache wanazaana upya, na sungusungu wameshachoka."

"Walirudi siku ya tisa," Tusekile alisema taratibu. "Tulipofika hospitali alikuwa hawezi hata kulia."

Mwanahalima hakumlaumu. Afadhali angelaumu. Mwaka mzima ukoo ulisema ni imbepo, pumzi ya majirani wenye kinyongo, naye Tusekile akawanunia majirani, asiombe moto kwao wala chumvi. Kumbe dawa iliyokuwa imwokoe mwanawe ilikaa ndani ya kopo, na yeye akipika ndizi chini yake kila siku ya Mungu.

Mwanahalima alivichukua vile tisa akavitupa, akampa vingine vya siku saba. "Mpaka cha mwisho," alisema.

"Ndaga, nesi," Tusekile alishukuru. Kopo tupu alirudi nalo.

Siku ya tatu Lusungu akapoa. Aliketi kitandani, akaomba ndizi ya kuchoma. Tusekile alimkaribia na dawa kwenye kijiko cha uji, mtoto akageuza uso.

"Mama, nimepona."

Maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Mwaka jana aliyasikia akacheka kwa furaha, akafunika kopo. Sasa kijiko kiliinama, uji ukamwagika kwenye blanketi, na huko migombani kikohozi kikasikika tena, mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi.

"Najua, mwanangu," alisema huku analia. "Hata kaka yako alisema hivyohivyo."

Akamshika taya, akangoja mpaka mtoto ameze.