Ng'ombe Aliyeko Gendabi

Mzee Bura wa Endagikot alikuwa mtu wa maneno machache, na wosia wake ulifanana naye. Uliingia kwenye kurasa mbili za daftari la shule. Aliuandika kwa mkono wake, akaukunja mara nne, akamkabidhi Nikolausi, mwenyekiti wa kitongoji. Siku ya kuanua matanga, wageni walipokwisha kula na sufuria kuoshwa, Nikolausi alivaa miwani yake akausoma mbele ya watoto watatu wa marehemu.

Nyumba ilikwenda kwa Evarist, kitinda mimba, kwa kuwa kwao nyumba ya wazazi hubaki kwa mtoto wa mwisho. Hapo hakuna aliyeshangaa. Mashamba ya mlimani na ya mtoni yalikwenda kwa Wolfgang, mtoto wa kwanza, pamoja na plau na dume mmoja wa kulimia. Kitanda, godoro na mablanketi mawili, Evarist. Redio pia ilikuwa ya Evarist, lakini Wolfgang asizuiwe kuja kusikiliza taarifa ya habari. Hapo watu walicheka, maana walimsikia marehemu akisema. Jiwe la kusagia la mama yao alipewa Oliva, binti pekee.

Kisha Nikolausi akasoma mstari wa mwisho. "Na ng'ombe aliyeko Gendabi kwa Gidabuday ni wa Oliva."

Watu walitazamana. Gendabi iko mbali, chini ya mlima Hanang, wilaya nyingine kabisa. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba mzee ana ng'ombe huko, wala jina la huyo Gidabuday halikuwahi kutajwa mezani.

Oliva hakucheka wala hakununa. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kujiuliza. Miaka tisa iliyopita alirudi kutoka kwa mume akiwa na begi moja na jicho lililovimba. Baba yake alikuwa akipukuchua mahindi uani. Alimtazama, akasema, "Chakula kipo jikoni." Basi. Hakumuuliza siku ile wala siku nyingine, na Oliva aliishi miaka tisa akidhani amemtia baba yake aibu iliyomfunga mdomo. Alimpikia, alimwogesha alipoishiwa nguvu, akalala katika chumba kidogo kilichoungana na jiko. Sasa nyumba ilikuwa ya Evarist, ambaye baada ya mavuno angehamia hapo kutoka Babati na mkewe Violeth na watoto wanne. Wosia haukusema Oliva atalala wapi.

Wolfgang ndiye aliyelitamka. Alisema, bila ubaya katika sauti yake, kwamba dada aliolewa, na mtu aliyeolewa shamba lake liko kwa mume. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Andika hivi, Mzee Nikolausi. Huyo ng'ombe wa Gendabi, na kama alizaa, na alichozaa nacho, vyote vya dada. Sisi hatudai hata mkia. Na yeye asidai kingine hapa."

"Kama bado ana mkia," alisema Evarist, na wote wawili wakatia sahihi wakitabasamu.

Violeth alimfuata Oliva jikoni. Alimwambia kwamba watoto wanaweza kubanana, na kwamba kitenge kikitundikwa katikati, chumba kimoja kinakuwa viwili. Oliva alimshukuru kwa moyo wote. Lakini alijua kitenge si ukuta, na watoto hukua.

Jambo lililomkosesha utulivu wiki ile halikuwa chumba peke yake. Lilikuwa wosia wenyewe. Baba alikuwa mtu wa kupima. Kwa nini ampe Wolfgang plau na dume mmoja, wakati dume mwenzake alikufa mwaka juzi? Plau yao ilivutwa na madume wawili, na kila mtu alilijua hilo. Tena alikumbuka samli. Kila mwaka baada ya mavuno baba alikuwa akiaga kwamba anakwenda mnadani Katesh. Alibeba mfuko wa maharage na tumbaku, akarudi siku ya tatu bila kununua kitu, ila na kibuyu cha samli. Hata miaka mitatu ya mwisho, alipokuwa hatembei, samli ilifika kwa basi, ikiletwa mlangoni na kondakta aliyekataa kutaja aliyeituma. Oliva aliikaangia vitunguu bila kuuliza. Sasa aliuliza.

Akapanda basi la asubuhi hadi Katesh, na kutoka hapo bodaboda ikampeleka Gendabi. Dereva hakuhitaji maelezo. "Gidabuday yule wa ng'ombe wengi?" alisema, na Oliva akajibu kwamba yeye anamtafuta Gidabuday wa ng'ombe mmoja.

Alimkuta mzee mrefu, shuka begani, amesimama langoni mwa boma la miiba. Oliva alimwamkia shikamoo, akajitaja kuwa binti wa Bura wa Endagikot. Mzee aliitikia marahaba, kisha akampa pole. Habari za msiba zilikwishamfikia kwa kondakta. Mkewe aliingia ndani akatoa ngozi ya ng'ombe, nyekundu, yenye doa jeupe, akaitandika kivulini mwa ukuta, akamkaribisha aketi. Akaletewa maziwa.

"Kunywa," alisema Gidabuday. "Ninyi Wairaqw mlikuwa mnalala nyumba moja na ng'ombe, halafu mnasema sisi wafugaji wa Hanang ndio tunanuka maziwa."

"Baba alisema ninyi mnanuka samli," alisema Oliva, na mzee akacheka hadi akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

Alipotulia, Oliva akamweleza juu ya wosia, akauliza kama huyo ng'ombe bado yupo.

"Umemkalia," alisema Gidabuday.

Oliva aliruka akasimama. Mzee alimwashiria akae tena. Akaeleza kwamba ng'ombe wa rafiki akifa, mwenye boma huitunza ngozi, ili mwenyewe akija aione kwa macho yake na asidhani amedhulumiwa. Huyu alikufa mwaka wa ukame. Bura alikuja akaiona ngozi, akashika lile doa, akasema iachwe hapa hapa, yuko mtu atakuja kuikalia.

Oliva aliweka kiganja juu ya doa. Akauliza ng'ombe huyu alitoka wapi.

"Alimleta mwenyewe kwa miguu, wiki ile ulipoolewa. Alikuwa mtamba bado, hajazaa. Mimi nilikuwa nimemjua mnadani tu, tulikuwa tukitaniana juu ya bei. Akaniambia, huyu ametoka katika mahari ya binti yangu. Wengine nitawala, huyu siwezi. Maziwa kunywa wewe na watoto wako. Binti akikaa vizuri kwa mumewe, ng'ombe atakuwa wa wajukuu. Akirudi, asirudi mahali patupu."

Oliva aliinamia maziwa yake. Chakula kipo jikoni. Kumbe yale maneno matatu yalikuwa na mengine nyuma yake, yametembea kwa miguu hadi Gendabi miaka yote ile. Aliuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini hakumwambia.

Gidabuday alifikiri. "Labda aliona kukuambia ni kukutabiria mabaya. Na uliporudi, labda hakujua aanzie wapi. Mimi nilimwambia mara nyingi, sema na mtoto. Alikuwa ananijibu, ng'ombe watasema."

Jioni mifugo iliporudi, mzee alimsimamisha langoni akamwonyesha kwa fimbo. Yule mweusi ni binti wa yule wa ngozi. Wale wawili ni wajukuu wake. Mtamba yule pale. Dume mwekundu yule, mwenye doa la bibi yake. Na ndama anayenyonya. Mwingine mmoja Bura alimpa Gidabuday miaka mingi iliyopita, kama shukrani ya kuchunga, naye alimtaja wazi ili pasiwe na shaka. Wengine wote ni wa Oliva.

Ndugu zake hawakulifikiria hilo. Siku hizi watu wa Endagikot hufuga ng'ombe mmoja wa zizini, wakimhesabu kama wanavyohesabu baiskeli. Walisahau kwamba ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki hutajwa mmoja tu, yule mama, hata kama watoto wake wamejaza boma. Wazee ndio waliojua kuwataja ng'ombe hivyo.

Oliva hakuwachukua wote. Alimwomba Gidabuday aendelee kukaa na mweusi na wale wengine, kwa masharti yale yale, naye mzee akasema ndivyo baba yake angefanya. Alichukua ng'ombe mwenye ndama, na yule dume mwekundu. Gidabuday mwenyewe alipanda nao kwenye lori la fuso lililotoka mnadani, akawashikilia kamba njia nzima, wala hakutaka nauli yake irudishwe.

Wolfgang alikuwa akitengeneza plau dume yule aliposhushwa. Alisimama. Alimzunguka mara mbili, akampapasa mgongo, akamtazama wa kwake aliyekuwa akila mabua peke yake. Walilingana mabega. Mvua zilikuwa zinakaribia, na alikuwa bado hajapata mtu wa kumkodishia dume wa pili.

Oliva hakumkumbusha sahihi yake. Alimwambia tu, "Kaka, dume wangu atavuta na wako kila msimu. Mimi naomba mahali pa kujenga vyumba viwili, kule ukingoni mwa shamba la mtoni. Hatua ishirini kwa ishirini. Na tuandike kwa Mzee Nikolausi."

Evarist, aliyekuwa amekuja na familia siku ile, alifungua mdomo kutania, Violeth akamgusa mkono.

"Baba alijua," alisema Wolfgang hatimaye. "Ndiyo maana alinipa mmoja."

"Sijui, kaka," alisema Oliva. Na kweli hakujua. Jambo hilo angeendelea kujiuliza.

Walishuka mtoni wote, Nikolausi akiwa na daftari. Wolfgang alishika vijiti vya minyaa vya kupanda mpakani, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Ni mtu mwenye miguu mirefu. Alipofika ishirini alisimama, akainama achomeke kijiti. Kisha akainuka, akatazama nyuma, mahali ndama alipokuwa akimkimbilia mama yake.

Akaongeza hatua tano, bila kuzihesabu kwa sauti, akachomeka kijiti hapo.