Mwanamume wa Kwenye Simu

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Wivu ninao, sikatai; mwanamume asiye na wivu ana mgeni, hana mke. Mke wangu alipodai talaka nilijua kuna mtu. Lisemwalo lipo, nikajiambia, ingawa msemaji nilikuwa mimi peke yangu.

Msuluhishi, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, aliona hatukai chumba kimoja bila kurushiana maneno. Akatuwekea programu kwenye simu: kila mmoja aandike lake, nayo iondoe ukali kabla ya kumfikishia mwenzake. Tukishapoa, tuonane ofisini kwake tutie sahihi, ya talaka au ya kurudiana.

Nikaandika nilivyo: "Huyo bwana wako anajua hata kumpikia mwanangu uji?"

Jibu likaja: "Kadogo hajambo. Asante kwa kumjali."

Asante? Mke wangu huyu? Damu ikanichemka. Nilisahau kabisa kwamba mashine inamsafisha na yeye. Nilichoona ni mkono wa msomi fulani anayemfundisha kusema. Nikazidi kuchoma, naye akazidi kuwa mpole. Kazini nikaweka bawaba za geti la watu upande usio wake.

Siku ya kikao mke wangu alikuja na viatu vipya, ana haya kidogo.

"Mama, talaka siitaki tena," akamwambia msuluhishi. "Mwanamume anayeniandikia humu ndiye ninayemtaka."

Nusura nipindue meza. "Si nilisema! Si nilisema kuna mwanamume!"

"Ni wewe, Baba Kadogo." Akanigeuzia simu. Nikasoma: "Natumaini una mtu wa kukusaidia kupika uji wa mtoto." Maneno yangu yale yale, yamekogeshwa na kuchanwa nywele.

Ilinipasa nifurahi. Mke wangu alikuwa anarudi, na sikuwa na haja nyingine duniani. Lakini alivyoitazama ile simu! Mimi hajanitazama hivyo tangu uchumba. Nikamchukia yule bwana wa humo ndani, mpole, mnafiki, mwizi wa wake za watu.

"Niambie basi neno moja tu," mke wangu akasema, "kwa mdomo wako mwenyewe."

Nilitaka kumwambia arudi nyumbani, Wallahi nilitaka. Macho yakanishuka mpaka miguuni pake.

"Hivyo viatu kakununulia nani?"

Akaiweka simu mezani.

"Nimejinunulia," akasema taratibu. "Kwa ajili ya leo."

Kisha akamgeukia msuluhishi, akaomba kalamu.