Siku Thelma Aliyoahidi Kutojiingiza

Boti lilikuwa limeshaachana na ukingo, na hakuna mtu aliyeshika usukani. Lilikwenda polepole kwa madaha kama bibi harusi, rangi ya kijani, vyungu vya maua juu ya paa. Dirishani ulitoka mkoromo wa Wilfred Sugden, mwenye boti, aliyejilaza baada ya chakula cha Jumapili.

Thelma Ackroyd alisimama kwenye njia ya kando ya mto, mkono mdomoni. Kamba iliyofunga boti ukingoni aliiona tangu asubuhi. Aliona fundo lilivyofungwa ovyo, maneno yakamfika kwenye ulimi, akayameza. Maana siku hiyo alikuwa ameahidi.

Ahadi yenyewe ilikuwa hivi. Binti yake, Bryony, mja mzito, alikuwa anahamia Oban, mbali huko Scotland, pamoja na mumewe, mtoto wa huyuhuyu Wilfred. Nyumba yao mpya ilikuwa na chumba cha ziada kinachotazama bahari. Thelma alikitaka chumba hicho kuliko kitu chochote. Akikikosa, mjukuu atakuwa wa kumwona kwenye simu tu.

"Leo tu, Mama," Bryony alimwambia asubuhi. "Mpaka jua lizame usiingilie jambo la mtu. Ukiweza, chumba ni chako."

"Mimi huwa naingilia kati pale panapohitajika."

"Kuingilia kati ni mtu akiwa taabani. Wewe unajiingiza. Juzi ulimpangia mwenye duka viazi vyake upya."

"Vilikuwa vimelala kichwa chini."

"Viazi havina kichwa, Mama!"

Sasa boti hilo linakwenda. Mto huo wa Yorkshire, Uingereza, ulijaa kwa mvua za wiki nzima, na mbele, ukishapita daraja dogo, maji yalikuwa yanaporomoka kwenye ukuta wa mawe wa kinu cha zamani cha kusagia nafaka. Boti likifika pale ni kuni.

Thelma akapata wazo. Atafute mtu mwingine aingilie. Hapo atakuwa hajavunja ahadi. Akaanza kutembea sambamba na boti, kofia kwapani, mpaka kwa mvuvi aliyekaa kwenye kiti cha kukunja.

"Samahani sana, pole kwa kukusumbua. Umeliona boti lile?"

"Zuri mno."

"Halina mtu kwenye usukani."

"Nimeona. Lakini huwezi kujua, mama. Labda mwenyewe anapenda hivyo."

"Amelala!"

"Ndiyo kabisa! Mtu amelala, nitamwamshaje, na hata hatujuani?"

Akamwacha, akawakimbilia mume na mke waliokuwa wanalipungia boti mkono. Mke alidhani ni mtindo mpya, siku hizi yanajiendesha yenyewe. Mume alikiri kwamba aliwaza kupiga kelele, ila Jumapili, watu wamepumzika. Mbwa wao peke yake ndiye aliyebweka, na wakamwomba radhi Thelma kwa utovu wake wa adabu.

Hapo kicheko kikamshika Thelma. Hofu imemjaa, na bado anacheka, machozi yanamtoka, anakimbia kama msichana anayechelewa dansi.

Karibu na daraja palikuwa na bustani ya kunywea chai. Foleni ndefu ilisimama mbele ya dirisha la kuuzia, na wote waliogeuza shingo kutazama boti hawakuondoa miguu yao, kwa kuogopa kupoteza nafasi. Bryony alikaa mezani, ameupa mto mgongo.

"Bryony, mwanangu. Naomba ruhusa niseme jambo moja."

"Kama ni yule kaka na suruali yake inayoshuka, usiseme."

"Siyo suruali."

"Mama. Umejitahidi sana leo, mimi mwenyewe nashangaa. Kaa, ule keki."

Thelma akakaa. Akalitazama tumbo la binti yake, akakiona chumba, pazia, kitanda cha mtoto. Akachukua keki, akauma. Nyuma yao mkoromo ukapita, mkubwa, wa raha, ukielekea kwenye kinu.

Akaiweka keki chini.

"Basi, kwaheri chumba," akasema, akachomoka.

Alifika darajani kabla ya boti, akapanda ukuta mfupi, akakaa, na boti lilipopita chini yake akafumba macho, akajiachia. Akaangukia katikati ya vyungu vya maua. Foleni nzima ikasema "Oooh!" na mtu mmoja akapiga makofi. Hakuna aliyetoka kwenye mstari.

Thelma hakuwahi kushika usukani wa boti maishani mwake. Aliukumbatia kwa mwili wote, akavuta. Boti likageuka kwa shingo upande kama ng'ombe asiyetaka kukamuliwa. Kichwa cha Wilfred kikachomoza, nywele zimesimama.

"Habari za mchana, Bi Ackroyd. Kuna tatizo?"

"Hakuna kabisa, Bwana Sugden. Samahani kukuamsha. Tunakufa."

"Ahaa. Basi ngoja nivae viatu."

"Viatu baadaye, mzee wewe! Washa injini!"

Injini ikakohoa, ikanguruma, na boti likapanda ukingo mpaka nusu yake ikalala kwenye majani ya bustani. Meza zikapinduka, chai ikaruka, sandwichi za tango zikaelea mtoni. Sasa ndipo foleni ilipotawanyika.

Bryony alisimama na krimu ya keki kifuani. "Mama! Uliahidi!"

"Niliahidi," Thelma akajibu akiwa bado kwenye usukani, ua sikioni. "Nimeshindwa. Chumba mpe mwingine."

Wilfred akakohoa. "Naomba niingilie kidogo hapo..."

"Baba, tafadhali usijiingize!"

"Leo najiingiza. Mpe mama yako chumba chake."

Bryony akafungua mdomo afoke, kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akashika tumbo, akakaa kwenye majani yaliyolowa chai.

Bryony na mumewe walihamia Oban mwezi wa tisa, na mtoto alizaliwa kabla ya Krismasi, wa kike. Thelma alikaa kwenye kile chumba. Waligombana mara nyingi kuhusu jiko. Wilfred aliuza boti, akahamia kwa dada yake mjini Leeds. Mvuvi hakupata samaki siku ile. Mwenye bustani alinunua meza nyingine.